Mama, Lile Joho la Watu

Mama yangu mpenzi,

Najua ungekuwa hapa ungeniambia, "Zuhura, wewe habari zako huanzia mkiani." Leo nitajitahidi zianzie kichwani. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani yako, mlango wa duka uko wazi, na nje Biryogo, mtaa wetu hapa Kigali, inakaanga, inauza, inapiga honi za pikipiki na kusalimiana kama kawaida yake. Chai inapoa pembeni. Nacheka peke yangu. Mteja mmoja amepita, akanitazama, akarudi nyuma kuhakikisha, kisha akaniuliza, "Zuhura, uko sawa, sha?" Nikamwambia niko sawa kuliko siku zote. Akaondoka akitikisa kichwa, na kesho mtaa mzima utasema nimeanza kuongea na cherehani.

Nacheka kwa sababu ya lile joho, Mama. Lile jekundu. Lile la watu.

Barua hii nimeamua kuiacha wazi, asome yeyote anayetaka, kwa hiyo vumilia kidogo nikisimulia mambo unayoyajua kuliko mimi. Wasiokufahamu waelewe kwanza ulikuwa mtu wa namna gani. Ulikuwa fundi, lakini nusu ya kazi yako haikuwa kushona, ilikuwa kushikia watu vitu vyao. Jirani akisafiri, funguo kwako. Bi harusi akiogopa dada zake wasijaribu gauni kabla yake, gauni kwako. Kuna mwanamke wa ofisini, wa kule Kimihurura kwa wakubwa, aliyeacha mshanana wake hapa, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, akaenda kusoma Ulaya, akarudi akaukuta umening'inia palepale, umefunikwa shuka. Mtu akisema "amana" hapa mtaani, mkono ulikuwa unanyooka wenyewe kuelekea mlango wetu.

Na hukuwa na karatasi wala stakabadhi. Ulikuwa na nyuzi. Mtu akileta nguo ulimuuliza, "Nikuwekee uzi wa rangi gani?" Akisema kijani, ulitia mshono mmoja wa kijani ndani ya pindo, pasipoonekana, na kipande kingine cha uzi huohuo ukakifunga kwenye mkono wa cherehani. Siku ya kuchukua, anataja rangi yake. Halafu unamshikisha ncha ya ule uzi, unachukua mkasi, unauliza, "Umepata chako?" Anajibu, "Nimepata." "Umeridhika?" "Nimeridhika." Ndipo unakata. Wale wa Kimihurura walikuwa wakiona haya, wanaangalia saa, lakini walijibu, maana bila jibu hukukata. Nilipokuwa mdogo nilidhani mafundi wote duniani hufanya hivyo. Siku niliyopelekwa kwa fundi mwingine akanipa nguo yangu bila kuniuliza kitu, nililia njia nzima nikidhani haijawa yangu.

Sasa tuje kwenye gemu. Unakumbuka saiba ya mlango wa pili, ile iliyokuwa na joto kama tanuri na kompyuta zenye herufi zilizofutika? Pale ndipo nilipojifunzia Falme, mimi msichana peke yangu katikati ya vichwa vya wavulana. Nilikueleza mara nyingi na mara nyingi ulisahau: unakuwa na mtu wako ndani ya mchezo, unamtembeza katika nchi ya milima na ngome, anapigana na majoka, anapata vitu. Upanga, ngao, farasi, mavazi. Ukiniuliza, "Na hivyo vitu viko wapi?" nilikujibu, "Humu ndani." Ulichungulia kioo, ukagonga kwa kidole chenye kastabini ya kushonea, ukasema, "Humu hamna hata shelfu." Basi tukaachia hapo.

Zama hizo hakukuwa na soko lolote la maana. Ukitaka kubadilishana na mtu, mnakutana kwenye uwanja wa mji ndani ya gemu, mmoja anatoa kwanza, kisha anamwomba Mungu. Wengi walitoa, mwenzao akatoweka na mali, wakabaki wameduwaa kama kuku aliyemwagiwa maji. Mimi nilikuwa na ngao nzuri, nikamtamani farasi wa mvulana mmoja wa Nyarutarama. Yeye yuko kwao kwenye jumba lenye bustani, mimi niko saiba, tunagombana kwa maandishi toka asubuhi. Toa wewe. Hapana, toa wewe. Ukaja kuniita chakula, ukanikuta nimevimba.

"Mnagombania nini?"

Nikakueleza.

"Kwa hiyo mnachotafuta ni mtu wa kuwashikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa si mimi nipo?"

Nilitaka kucheka, lakini uso wako haukuwa wa mzaha. Nikamwandikia yule mvulana kwamba Mama atatushikia. Akauliza mama gani. Nikajibu, fundi wa cherehani wa Biryogo, mlango wa bluu. Akaniambia nisubiri. Baadaye alinisimulia kwamba alikwenda kumuuliza dereva wa kwao, na dereva akamwambia, "Yule? Yule mpe hata nyumba." Ukakaa karibu nami ukisimamia, farasi akaja, ngao ikaenda, na wewe ukakata nyuzi mbili bila kujua kwamba umeanza kazi mpya.

Siku tuliyokufungulia akaunti yako mwenyewe sitaisahau. Mtu mgeni kwenye Falme huanza na nguo za ndani tu, ndivyo walivyomtengeneza. Ulipomwona huyo mtu wako ulipiga ukelele mpaka mwenye saiba akadhani umeme umekupiga. "Mimi nisimame sokoni hivi? Mbele ya watoto wa watu?" Hatukugusa kitu kingine mpaka nikakutafutia kanzu ya gunia na kitambaa cha kichwa. Tukakuita Mama Cherehani. Nikakwambia sasa twende tukapigane na joka dogo, upate vitu vyako. Ukakataa katakata. "Joka halijanikosea kitu." Na kweli, Mama, katika miaka yako yote ya Falme hukuwahi kumpiga kiumbe hata kofi. Ulisimama tu pale uwanjani, karibu na kisima, na watu wakakujia.

Walikuja, jamani! Kwanza wa hapa Kigali, kisha wa Kampala, wa Mwanza, halafu watu wa nchi ambazo tulizitafuta pamoja kwenye ramani ya shule. Neno lilienea kwamba kuna mama yuko kwenye kisima, hali cha mtu. Kila mmoja ulimuuliza rangi ya uzi, mimi nikatafsiri. Wengine walidhani ni msimbo wa kijeshi. Lakini walichagua, na ulifunga uzi wa kweli kwenye cherehani ya kweli, mpaka mkono wake ukajaa rangi kama mkono wa bi harusi uliojaa bangili. Wateja wa nguo wakauliza, "Fundi, kazi zimekuwa nyingi?" Ukajibu, "Nyingi sana, na nyingine ni za farasi."

Halafu ile ya adhana ya alasiri! Umeshika upanga wa mtu mmoja na sarafu za dhahabu za mwingine, wote wako mbali huko baridini, adhana ikalia. Ukainuka. Hukuaga. Kwako kuaga kulikuwa na maana gani, si adhana imelia, kila mtu kasikia? Ukatawadha, ukasali, ukapiga gumzo na jirani yetu Mama Halima kwenye baraza, ukarudi na chapati mkononi. Kioo kilikuwa kimejaa matusi kutoka juu mpaka chini, na nusu ya Falme imekusanyika kisimani kumtafuta mwizi. Nikakusomea kwa hofu. Ukatafuna, ukasema, "Waandikie kwamba nimesali, na hivi sasa nakula." Nikaandika hivyohivyo. Kisha mmoja akaandika: hatujui mama anakula nini, lakini atuwekee. Tangu siku hiyo walijua saa zako. Kuna wachezaji wa mbali huko ambao mpaka leo, nina hakika, wanajua alasiri ya Kigali ni saa ngapi.

Katika watu hao wote mmoja ndiye sababu ya barua hii. Siku hiyo mimi nilikuwa shule. Ulikuwa umeshajifunza kuandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa mchele, ukipata anayejua Kiswahili ulifurahi maana hukuhitaji mkalimani. Niliporudi nikaona uzi mpya kwenye cherehani, na haukuwa kama mingine. Ulikuwa nyuzi mbili, manjano na buluu, zimesokotwa pamoja.

"Huu wa nani?"

"Wa Kanyoni. Yuko Bujumbura. Ameniachia joho lake jekundu, anangoja mtu wa farasi wabadilishane. Umeme umekatika kwao. Atarudi."

Hakurudi jioni ile, hakurudi wiki ile. Mwenye farasi alingoja, akamchukua farasi wake, akaenda zake. Uzi ukabaki. Sikukuuliza kwa nini ni rangi mbili, na wewe hukusema.

Halafu dunia ya Falme ikabadilika. Wenye kampuni ya gemu wakajenga soko lao wenyewe: unaweka kitu chako na bei, mwenzako anabonyeza, kitu kinakwenda, fedha inakuja, kampuni inakata chake. Hakuna anayetoa kwanza, hakuna wa kuwashikia. Niliogopa kukwambia. Ulipojua ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Alhamdulillahi, wameacha kuibiana!" Baadaye kidogo ukauliza, "Na salamu wanapeana saa ngapi?" Nikasema hawapeani, wanabonyeza tu. Ukatikisa kichwa kwa huruma, ukaendelea kushona. Lakini mara mojamoja nilikuona umeingia, umesimama pale kisimani na kanzu yako ya gunia, na wapita njia wa zamani wanakuamkia.

Nyuma ya soko hilo yakaja mengine, nje ya gemu kabisa. Tovuti za watu binafsi, zenye picha za panga na mavazi, na mistari ya bei inayopanda na kushuka kama barabara zetu za milimani. Wakaingia wanunuzi wasiojua hata kucheza, wananunua vazi leo walifungie, waliuze likipanda. Nilipokueleza, ulikasirika kifundi. "Nguo isiyovaliwa ni tambara lililopigwa pasi!" Wakaja na wale wa sarafu za mtandaoni, waliotuapia kwamba ukinunua kwao kitu ni chako milele na milele, hata gemu ikifa. Sauti ilikuwa kubwa, miezi kadhaa tu wakanyamaza, na milele yao ikaenda nao. Ulisema, "Mwenye kuapa sana mchunguze mfuko." Hukuwa umenunua kitu hata kimoja, ila ulifurahia habari zao kama tamthilia.

Na joho la Kanyoni? Likawa lulu. Kampuni iliacha kulitoa, yakabaki machache, na siku bei yake ilipotokea sokoni mimi nilikaa chini sakafuni, wewe shahidi. Watu walikuandikia kila siku kukubembeleza. Na mimi nikakubembeleza.

"Mama, huyu hatarudi."

"Umeongea naye?"

"Miaka imepita, Mama!"

"Amana haina miaka, Zuhura. Akija nimpe nini? Nimpe hadithi?"

Nikanuna. Ukanipa vifungo nivipange kwa rangi, dawa yako ya siku zote.

Ulipougua, na sauti ikabaki ya kunong'ona, ulinishika mkono ukaniambia maneno manne, "Lile joho la watu." Nikasema nimesikia. Ukafumba macho ukiwa umeridhika kuliko nilivyokuwa mimi, maana wewe ulikuwa umeniachia, na mimi sikujua nitaanzia wapi. Tumefundishwa kwamba mtu akiondoka na vya watu mkononi, safari yake inakuwa nzito. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Si bei, si gemu. Wewe, uliyeishi bila kukalia hata sindano ya mtu, uende na mzigo wa joho.

Siku ya mazishi, kabla hawajakubeba, Mjomba Rajabu akajiandaa kusema yale yanayosemwa: kama kuna anayemdai marehemu, au aliyeacha kitu kwake, ajitokeze. Nikamtuma mtu amwite, akaja mpaka mlango wa wanawake.

"Mjomba, kuna joho."

"Lete, mwenyewe atachukua."

"Liko kwenye kompyuta."

Alinitazama kwa muda, nadhani alikuwa anaamua kama ni kilio kimenipanda kichwani. "La nani?"

"La Kanyoni. Sijui jina lake lingine. Jekundu. Tangaza, Mjomba, nakuomba."

Mjomba ni mtu wa heshima zake, lakini wewe ulikuwa dada yake. Akarudi mbele ya watu, akasafisha koo, na sisi tukamsikia toka ndani: "Na vilevile, kwa dada yetu kuna joho. Joho jekundu. Liko ndani ya kompyuta. Mwenyewe anaitwa Kanyoni. Kanyoni kama yupo, au anayemjua Kanyoni, ajue kwamba joho lake lipo." Kisha nikasikia mabega ya wanaume yakitikisika, na huku ndani Mama Halima akaanza, akaziba mdomo kwa kanga, na mimi nikafuata, na msiba wako mzima ukacheka, Mama, machozi yakiwa mashavuni. Hakujitokeza mtu. Lakini ulisindikizwa na kicheko, na sikuona aibu hata kidogo.

Cherehani nikaifunika kitambaa cheupe, uzi wa Kanyoni ukabaki chini yake, peke yake. Nikaendelea na maisha. Kazi yangu ya leo ungeipenda mno: nashona nguo zisizoshikika. Siku hizi gemu nyingi zimefungua masoko kwa mtu yeyote, huhitaji kupigana na joka ili upate kitu cha kuuza, unakitengeneza mwenyewe. Mimi nachora mavazi kwenye kompyuta, nayaweka sokoni, na wachezaji wanawavisha watu wao. Nimechora kitenge, nimechora mshanana, nimechora kanzu yenye kola kama ile uliyomshonea Mjomba. Siku ya kwanza kuona mtu wa kwenye gemu, sijui mwenyewe ni wa nchi gani, anakimbizana na dubu amevaa kitenge changu, nilipiga vigelegele peke yangu hapa dukani. Na ndani ya kila pindo nachora mshono mmoja wa rangi, pasipoonekana. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe.

Ndipo mwaka huu wenye Falme wakatangaza: gemu imezeeka, wanafunga mlango wa kubadilishana. Soko lao litafungwa, na kupeana mkono kwa mkono kutafungwa. Atakayekuwa na kitu atabaki nacho hukohuko milele. Tangazo lile nililisoma mara mbili. Lile joho lingekwama kwako, Mama, daima, na hata Kanyoni akija amelia machozi ya damu nisingeweza kumpa.

Nikamtafuta. Nikaandika kwenye kila kundi la wachezaji wa zamani, kwenye kila soko, kwa lugha zote ninazozibabaisha: mwenye joho jekundu lililoachwa kwa Mama Cherehani ajitokeze na rangi ya uzi wake. Nikafikiri mtandao mkubwa namna hii utakosaje mtu mmoja? Wakajitokeza Kanyoni kama mvua ya masika. Kanyoni wa kila bara! Wengi walisema uzi mwekundu, kwa sababu joho ni jekundu, akili za haraka hizo. Mmoja alitaja rangi zote kwa mpangilio, nikimkatalia anataja nyingine. Mmoja alisema manjano, nikasimama kitini, nikamwuliza, "Manjano tu?" Akajibu, "Manjano tu." Nikakaa. Siku ya kufunga ikakaribia, na nikaanza kukuomba radhi kimoyomoyo.

Juzi mchana, nakata kitambaa, akaingia dada mmoja amevaa koti la kazi la ghala, vumbi la Masoro, kule kwenye viwanda, bado liko kwenye viatu. Akasimama mlangoni kama mtu asiye na hakika.

"Samahani, dada. Hapa ndiyo kwa mama wa cherehani?"

"Ndipo. Lakini Mama alitutoka."

"Yooo." Akaweka mkono kifuani. "Pole, dada. Nilisikia, nikaomba asiwe yeye. Mimi naitwa Goreti. Iko mwanamke tunafanya naye kazi, anatoka huku Biryogo. Jana tunakula, akatuchekesha na habari ya msiba. Eti wamezika fundi, wametangaza joho jekundu iko ndani ya kompyuta. Watu wote wamecheka. Akasema na mwenyewe anaitwa Kanyoni." Akaingia hatua moja ndani. "Mimi kijiko kilianguka. Kanyoni lilikuwa jina langu huko Falme."

Mkasi nikauweka mezani taratibu. Nilikuwa nimeshadanganywa sana, Mama, sikutaka kuruka. Nikamwuliza swali lako. "Mama alikuwekea uzi wa rangi gani?"

Akainama. "Mimi niliomba nyeusi."

Nikaushika tena mkasi wangu. Lakini hakuwa amemaliza.

"Akakataa. Akaniandikia, mwanangu, nyeusi ni ya nguo za matanga, wewe una nini? Nikamwambia hapa kwetu mambo si mazuri, siku hizi tunalala na viatu, tayari kukimbia. Kisha akaniambia, basi nakusokotea mbili, manjano na buluu. Mmoja ukikatika, mwingine utashika."

Nilikwenda kwenye cherehani, nikavuta kile kitambaa cheupe. Aliuona uzi wake kabla kitambaa hakijagusa chini. Nani alianza kulia na nani alianza kucheka siwezi kukwambia, lakini Mama Halima alikuja mbio kutoka baraza la pili akidhani tumevamiwa.

Tukafungua kompyuta. Akaunti yake ya zamani ilishapotea, tukamfungulia mpya, na mtu wake akatokea na zile nguo za ndani. Nikasikia sauti yako masikioni, wallahi! Nikakuchukua wewe kutoka kisimani, nikakusogeza mpaka mbele yake, na ukampa. Joho likamkaa. Jekundu kweli, linapepea hata pasipo upepo, kama siku ile. Goreti akakigusa kioo kwa kidole, hivi hivi ulivyokuwa ukigonga wewe.

"Tuliondoka Bujumbura usiku uleule na nguo tulizovaa," akasema. "Nyumba ilibaki, picha za ubatizo zilibaki, cherehani ya mama yangu ilibaki. Vyote vilikwisha. Nikajiambia basi, mimi sina kitu cha utoto wangu hata kimoja." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kumbe iko kitu kilikuwa kinaningoja hapa, mwendo wa pikipiki moja kutoka kazini."

Nikamwambia anaweza kuliuza kabla soko halijafungwa, na nikamwonyesha bei, maana haki ni haki. Aliitazama, akacheka. "Nimelipata leo, niliuze leo?" Halafu akaniuliza kama yule mwenye farasi bado yupo. Nikamwambia alishaondoka zamani. Akasema, "Si kitu. Nitatembea kwa miguu, nimezoea."

Ikabaki kazi moja. Nikamshikisha ncha ya uzi, nikachukua mkasi wako, ule mzito. Ule ulikuwa uzi wa mwisho uliofungwa na vidole vyako.

"Umepata chako?"

Hakunitazama mimi. Aliitazama cherehani. "Nimepata, Mama."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, Mama. Rwose, nimeridhika kabisa."

Nikakata.

Nilimpigia simu Mjomba Rajabu. Alisema Alhamdulillahi mara nyingi, kisha akauliza kwa wasiwasi, "Miaka yote hiyo, halijaliwa na nondo?" Nikamhakikishia ni zima. Leo baada ya swala amesimama tena mbele ya watu na kutangaza kwamba mwenye joho amepatikana, na nimesikia toka hapa nilipokaa jinsi walivyoshangilia. Ndicho kicheko ulichonikuta nacho mwanzo wa barua hii.

Kesho mlango wa kubadilishana wa Falme unafungwa. Nitakurudisha kisimani pako usimame na kanzu yako ya gunia, na Goreti ameahidi kuja na joho lake tukuamkie. Mkono wa cherehani uko mtupu, Mama, nimeupitishia kidole toka mwanzo mpaka mwisho. Huna kitu cha mtu. Tembea mwepesi.

Kitinda mimba wako,
Zuhura